Miezi 50 ya minoksidili kichwani

Chupa iliyoko kwenye kabati la bafu letu hapa Migosi, Kisumu, ni ya 46 tangu nilipoanza kupaka minoksidili ya asilimia 5, dawa ya upara, mwezi Februari 2021. Idadi hiyo naijua kwa sababu mimi ni mhasibu wa chama cha akiba na mikopo, na mazoea ya kazi hayaniachi hata nikiwa nyumbani: kila chupa nimeiandika daftarini, pamoja na tarehe niliyoifungua na bei niliyolipa. Katika miezi 50 nimetumia shilingi 117,300. Tathmini hii naiandika kwa ajili ya wale wanaosimama mbele ya kaunta ya duka la dawa wakijiuliza kama chupa moja itawafaa, kwa maana nami nilisimama hapo nikiuliza swali hilo hilo, na sasa najua kwamba chupa moja haimfai mtu yeyote. Wala mbili. Anayetaka kujua thamani ya dawa hii ahesabu kwa miaka, na awe na kitu cha kulinganishia.

Cha kulinganishia ninacho. Kaka yangu, aliyenitangulia kwa miaka 2 na anayeishi Nakuru, alirithi kichwa kile kile nilichorithi mimi. Baba yetu alikuwa na upara, wajomba wote watatu wana upara, na kila Desemba tunapokutana nyumbani Vihiga hapakosi mtu wa kutupiga picha. Katika ile ya Desemba 2020, iliyopigwa kutoka nyuma tukiwa mezani, kila mmoja wetu ana kiwazi utosini chenye ukubwa wa kisahani cha kikombe. Kaka aliitazama, akacheka na kusema, "Mdogo wangu, urithi umeshagawanywa." Yeye hakupaka kitu, mimi nilianza dawa miezi miwili baadaye. Ndugu si pacha, na sijidanganyi kwamba ulinganisho huu ni uchunguzi wa kisayansi, lakini sitapata kipimo kingine, kwa kuwa kazi kubwa ya dawa hii ni kuzuia jambo lisitokee, na jambo ambalo halikutokea halionekani kwenye kioo.

Minoksidili haikutafutwa kwa ajili ya nywele. Ilianza kama kidonge cha shinikizo la damu cha kampuni ya Upjohn ya Marekani, kikaidhinishwa huko mwaka 1979 kwa jina la Loniten, na wagonjwa waliokimeza wakaanza kuota nywele usoni, mikononi na mgongoni. Athari hiyo ndiyo iliyozaa dawa ya kupaka. Ile ya asilimia 2 iliidhinishwa Marekani mwaka 1988 kwa jina la Rogaine, ambalo katika nchi nyingine huandikwa Regaine, na ile ya asilimia 5 kwa wanaume ikaanza kuuzwa huko bila cheti cha daktari mwaka 1997. Historia hii ina manufaa yake dukani. Mfamasia aliyeniuzia chupa ya kwanza, katika Mtaa wa Oginga Odinga, aliniuliza kwanza kabisa kama ninatumia dawa za presha au kama nina tatizo la moyo, nami nilidhani amenichanganya na mteja mwingine.

Jinsi inavyofanya kazi ni jambo la kueleweka kabla ya kutoa pesa, kwa sababu hapo ndipo matarajio mengi hupotoka. Upara wa kurithi huletwa na homoni ya kiume iitwayo DHT, ambayo kwa wenye jeni hizo huisinyaza mizizi ya nywele za paji la uso na utosi mwaka hadi mwaka, hata kila unywele unaoota unakuwa mwembamba na mfupi kuliko uliotangulia, hadi unabaki ule unyoya usioonekana. Minoksidili haigusi homoni hiyo hata kidogo. Inachofanya ni kufupisha kipindi ambacho unywele umelala na kurefusha kile ambacho unakua, na hata hilo halifanyiki mpaka kimeng'enya kilichomo kwenye mizizi yenyewe kiigeuze dawa iwe katika umbo lenye nguvu. Wapo watu ambao kimeng'enya chao ni haba, nao watapaka mwaka mzima bila kuona kitu. Kwa hiyo mtumiaji wa dawa hii ni kama mkulima anayemwagilia mahindi huku mchwa wakiendelea na kazi yao chini ya ardhi: mahindi yatasitawi kuliko ya jirani, ila mchwa hawajaondoka.

Wiki ya tano nilikaribia kuacha. Nywele zilianza kupukutika kuliko wakati wowote maishani mwangu. Nilizikuta kwenye taulo, kwenye mto na ndani ya kofia. Kinyozi wangu wa Kondele, kijana asiyejua kuficha jambo, alizima mashine, akaniinamisha kichwa kwenye mwanga na kuniambia, "Mzee, kuna kitu kinakula hapa juu." Aliyenituliza ni mfamasia yule yule. Alinieleza kwamba nywele zilizokuwa zimelala hung'atuka mapema ili kupisha zinazoanza kukua, kwamba hali hiyo huanza kati ya wiki ya pili na ya nane kisha hupungua, na kwamba mtu anayeacha hapo anakuwa amelipia hasara bila kusubiri faida. Kwangu ilikoma wiki ya tisa. Ningependa maelezo haya yaandikwe kwa herufi kubwa kwenye kila kasha, maana ninaamini chupa nyingi zilizotupwa zilitupwa wiki hizo.

Sasa nizungumzie matumizi ya kila siku, ambayo ndiyo yanayomshinda mtu kuliko bei. Kipimo ni mililita 1 asubuhi na mililita 1 usiku, kwenye ngozi ya kichwa iliyo kavu, na chupa ya mililita 60 huisha kwa siku 30. Ukisoma unaona ni jambo dogo. Lakini huku kwetu Kisumu, kuanzia Desemba hadi Machi, kichwa kikavu ni kitu cha kutafutwa. Nikipaka saa moja asubuhi na kuvaa kofia ya bodaboda kabla dawa haijakauka, ninafika mjini ikiwa imeteremka na jasho hadi kwenye nyusi, na matokeo yake ni kwamba katika mwaka wa kwanza niliota vinywele kwenye paji la uso, mahali ambapo sikuwa nimeomba. Nilibadilisha utaratibu. Siku hizi naoga, nasimama mbele ya feni hadi ngozi ikauke, napaka saa kumi na mbili kamili, kisha nakunywa chai bila haraka, na hadi saa moja na nusu ninapoondoka dawa imekauka. Kuosha kichwa nasubiri angalau saa nne zipite. Usiku napaka mara tu baada ya chakula, wala singoji wakati wa kulala, kwa sababu ukipaka na kulala hapo hapo dawa huishia kwenye foronya, na kutoka kwenye foronya hufika kwenye shavu la mwenzako.

Kwa nywele zetu za kipilipili kuna jambo jingine ambalo maelezo ya ndani ya kasha hayaligusii. Zikiwa ndefu, dawa hunaswa juu ya nywele na ngozi haipati kitu. Mimi huzikata fupi kila baada ya wiki mbili, nadondosha dawa moja kwa moja kwenye ngozi kwa kile kipimo chenye mpira, kisha naisambaza kwa ncha za vidole na kunawa mikono papo hapo. Kimiminika kina pombe nyingi na kwa hiyo hushika moto. Umeme ukipotea jioni, mshumaa ukae mbali na mtu aliyetoka kupaka. Pombe hiyo, pamoja na propileni glaikoli iliyomo, yaani kiyeyushi cha dawa, ilinikausha ngozi hadi ikatoka magamba ambayo kila mtu aliyaita mba. Nilipobadilisha na kutumia ile ya povu, ambayo haina propileni glaikoli, mwasho uliisha kwa wiki mbili. Povu lina kero yake katika mji wenye joto: linayeyuka kwenye vidole kabla ya kufika kichwani, na inakubidi unawe mikono kwa maji baridi kwanza, uikaushe, ndipo ulitoe kwenye kopo. Baada ya miezi sita nilirudi kwenye kimiminika kwa sababu ya bei, nikakubali kupaka mafuta mepesi kidogo mara moja kwa wiki, usiku wa Jumamosi, baada ya dawa kukauka.

Matokeo yalikuja polepole kiasi kwamba mimi mwenyewe nilikuwa wa mwisho kuyaona. Mwezi wa nne kulikuwa na vinyoya utosini, vyepesi kama vya mtoto mchanga. Mwezi wa nane kinyozi alisema, bila kuulizwa, kwamba mashine yake inapata kitu cha kukata. Kufikia mwisho wa mwaka wa kwanza kile kisahani kilikuwa kimefunikwa, si kama zamani, lakini kiasi kwamba aliyesimama nyuma yangu kwenye foleni ya benki asingekiona. Kwenye pembe za paji la uso sikupata kitu cha maana. Zilibaki pale pale zilipokuwa, na nimeridhika na hilo. Ninachotaka msomaji akijue mapema ni kwamba mwaka wa kwanza ndio kilele. Watafiti waliowafuatilia wanaume kwa miaka 5, na kuchapisha matokeo yao mwaka 1990, waliona hivyo hivyo: nywele ziliongezeka hadi karibu mwaka mmoja, kisha zikapungua taratibu, lakini zikabaki nyingi kuliko siku walipoanza. Kuhusu nguvu ya dawa, jaribio lililochapishwa mwaka 2002 lililinganisha asilimia 5 na asilimia 2 kwa wanaume, na baada ya wiki 48 ile ya asilimia 5 ilikuwa imeotesha nywele zaidi kwa asilimia 45. Picha zangu za Desemba zinafuata mkondo huo. Ya 2021 ndiyo bora. Ya 2024 ina mwanga kidogo utosini, nami nakiri kwamba unaonekana.

Kaka yangu, katika picha hiyo ya 2024, hana tena kiwazi, kwa kuwa hana tena nywele. Duara la utosi liliungana na paji la uso mwaka 2022, na mwaka uliofuata akaamua kunyoa zote kwa wembe.

Mwaka 2023 nilipata ushahidi mwingine ambao sikuutaka. Mama aliugua, nikawa nakwenda Vihiga na kurudi kila wiki, na baada ya mazishi nikakaa nyumbani muda mrefu. Dawa ilikuwa kitu cha mwisho kukumbukwa, na kwa wiki kumi sikupaka hata tone. Mwezi wa tatu baada ya kuacha, nilipokuwa tayari nimeanza tena, nywele zote nilizokuwa nimezilea kwa miaka miwili zilianza kuteremka kama majani ya mbono wakati wa kiangazi. Kilichoniuma si sura. Nilitambua kwamba nywele zile hazikuwa zangu kwa maana ya kumiliki. Zilikuwa kwenye mkopo ambao nisipolipa mwezi huu, mali inarudi kwa mwenyewe. Ilinichukua karibu miezi minane kurudi karibu na nilipokuwa, na sidhani kwamba nilirudi kikamilifu.

Pengo jingine katika daftari ni la wiki sita za mwaka 2022, na hilo ni kosa la ubahili wangu. Nikiwa safarini niliona katika duka moja dogo karibu na stendi, ambalo sitalitaja wala mji wake, chupa zinazofanana kabisa na zangu zikiuzwa shilingi 1,600, wakati huo mimi nikilipa 2,500. Nilinunua mbili. Dawa halisi ninayoitumia ina harufu kali ya spiriti na inakauka ikiacha unatounato fulani. Hii ilinukia manukato ya kinyozi na ilikauka bila alama, kama maji. Nilipochunguza kasha nikakuta namba ya toleo iliyoandikwa nje ni tofauti na ile ya kwenye chupa. Tangu hapo nanunua kwenye duka lenye mfamasia ninayemfahamu na cheti cha Bodi ya Famasia na Sumu kilichotundikwa ukutani, nalinganisha namba mbili hizo kabla ya kulipa, na nadai risiti. Shilingi 3,200 za chupa hizo bandia sikuziingiza kwenye jumla niliyoitaja mwanzoni; zina ukurasa wao.

Madhara niliyopata ni machache, na moja nililitafuta mwenyewe. Baada ya lile pengo la 2023 nilitaka kufidia, nikawa napaka mara mbili ya kipimo. Siku ya nne moyo ulianza kudunda kwa kasi nikiwa nimekaa kitini, na vidole vikavimba hadi pete ikakataa kutoka. Daktari aliyenipima alinikumbusha kwamba hii ni dawa ya mishipa ya damu hata ikipakwa kichwani, kwamba sehemu yake ndogo hupenya na kuingia mwilini, na kwamba dozi iliyokosekana haifidiwi. Niliacha kwa siku chache kwa maagizo yake, nikarudi kwenye mililita 1, na halijajirudia. Mtu anayepata kizunguzungu, maumivu ya kifua au uvimbe wa miguu aache na aende hospitali, asingoje chupa iishe. Jambo jingine, ambalo nililijua kwa kuchelewa na kwa bahati tu halikunigharimu: minoksidili ni sumu kali kwa paka, na kiasi kidogo anachokilamba kwenye mto au kwenye mkono wa mtu kinaweza kumuua. Paka wetu sasa haingii chumbani.

Kuna watu ambao ningewazuia wasiinunue kabisa. Wa kwanza ni yule ambaye hajajua kwa nini nywele zinamtoka. Mapunye ni ugonjwa wa ukungu na yana tiba yake. Nywele za pembezoni zilizong'olewa na misuko ya kubana zinahitaji kwanza misuko hiyo iachwe. Vidonda vya kisogoni vinavyoletwa na mashine ya kunyolea vinaacha makovu ambayo hakuna dawa ya kupaka itakayoyaotesha. Mke wangu alipoona utosi wangu umefunikwa alitaka kumpa dada yake chupa moja, na dada yake alikuwa mjamzito. Tuliwahi kumzuia, kwa maana dawa hii haitumiwi na mjamzito wala anayenyonyesha. Wanawake wengine wenye upara wa kurithi, ambao kwao huanza kwa mstari wa katikati ya kichwa kupanuka, wanaweza kuitumia, ila kipimo chao hakifanani na changu na wamwulize mfamasia. Wa mwisho ni mwenye upara wa miaka mingi, uliokwisha kung'aa. Huyo mizizi yake imekwisha sinyaa, na pesa yake itakwenda bure.

Vidonge vya finasteridi, vilivyoidhinishwa Marekani kwa upara wa wanaume mwaka 1997, ndivyo vinavyoshughulika na homoni yenyewe, yaani na mchwa wa mfano wangu. Daktari alinieleza habari zake, pamoja na uwezekano wa kupunguza hamu ya tendo la ndoa kwa baadhi ya watumiaji, nami nikaamua kubaki na dawa ya kupaka. Mwingine angeamua vinginevyo na asingekuwa amekosea.

Nirudi kwenye hesabu. Ukiondoa zile wiki kumi za msiba na zile sita za chupa bandia, nimepaka kwa miezi 46, chupa moja kila mwezi, wastani wa shilingi 2,550 kwa chupa. Hiyo ni shilingi 85 kwa siku, karibu sawa na nauli ya bodaboda kutoka kwangu hadi mjini. Kama bidhaa, naipa alama nzuri: inafanya kile hasa ambacho ushahidi unasema inafanya, kwa kiwango kile kile na kwa muda ule ule. Kama ahadi inayouzwa kwa maneno ya "nywele kurudi ndani ya siku 30", naipa sufuri, na muuzaji anayesema hivyo aepukwe hata kama dawa yake ni halisi. Kwa mwanamume mwenye kiwazi kichanga cha utosi, asiye na tatizo la moyo, anayeweza kutenga shilingi 2,550 kila mwezi bila kugusa karo ya watoto na aliye tayari kuendelea hivyo kwa muda usiojulikana, naipendekeza. Aanze mapema, apige picha siku ya kwanza mahali penye mwanga ule ule atakaoutumia baadaye, na asijipime kabla ya mwezi wa sita.

Desemba iliyopita nilimwonyesha kaka ukurasa wa jumla katika daftari langu. Aliusoma mpaka chini, akapapasa kichwa chake kilichong'aa, akauliza kama chama chetu kinatoa mikopo kwa shughuli za aina hiyo. Kisha akaniambia kwamba wembe wake hugharimu shilingi 20 na humtosha wiki nzima. Nimeiandika bei hiyo pia, kwenye ukurasa wa mkabala na wangu, na bado naendelea kupaka. Chupa ya 46 imebakiza kama siku sita.